Bomba Limevuja: Lipi la Usiku Huu, Lipi la Jumamosi

Kaa na mafundi bomba kijiweni kwao utasikia lalamiko lile lile: simu nyingi za usiku wa manane ni za mambo ambayo yangeweza kungoja kukuche, na yale yaliyostahili simu ya usiku wanaitiwa wiki tatu baadaye, lipu ikiwa imeshabanduka ukutani. Si uzembe wa wenye nyumba. Tumezoea kupima hatari ya maji kwa macho na masikio. Koki ya jikoni inayodondosha inakera, kila tone linasikika mpaka chumbani, basi inaonekana ni dharura. Chemba iliyovunjika mfuniko kule nyuma ya nyumba haipigi kelele, basi inaachwa mpaka sikukuu ipite.

Wingi wa maji nao ni kipimo kibovu. Lita mia mbili zikimwagika uani na kuishia kwenye migomba, hasara yake ni bili. Kikombe kimoja kikiingia kwenye soketi ya umeme kinaweza kuua mtu. Kwa hiyo kabla hujamwamsha fundi, jiulize mambo mawili. Je, naweza kuyasimamisha maji haya kwa mkono wangu? Na je, njiani yanagusa nini: umeme, kinyesi, maji ya kunywa, au kitu kizito kilichosimama juu ya vichwa vya watu? Kama unaweza kuyasimamisha na hayagusi chochote kati ya hivyo, funga koki, weka ndoo, ulale. Kama jibu ni kinyume, hata tone moja ni kazi ya usiku huu.

Anza na koki ndipo upige simu

Nyumba nyingi za mijini kwetu hupata maji kwa hatua mbili, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Maji ya mamlaka (kwa Dar es Salaam na sehemu za mkoa wa Pwani ni DAWASA) hupita kwenye mita, hupanda kwenye tenki, kisha hushuka kwa uzito wake hadi bafuni, jikoni na chooni. Bomba la bafuni likipasuka, mtu hukimbilia getini, akafunga koki ya mita kwa nguvu zake zote, akirudi ndani anakuta maji yanatoka vilevile. Lazima yatoke, kwa sababu juu ya mnara bado kuna lita elfu mbili ambazo hazina habari na mita. Koki anayoitaka ni ile iliyo chini ya tenki, kwenye bomba linaloshuka.

Kinyume chake nacho ni kweli. Tenki likifurika kwa sababu boya limekwama, kufunga koki ya chini ya tenki ni kupoteza muda. Hapo ndipo koki ya mita inapohitajika. Zipo pia nyumba ambazo bomba la uani au la jikoni limeungwa moja kwa moja na la mamlaka, ili familia ipate maji ambayo hayajalala tenkini. Nyumba ya namna hiyo inahitaji kufungwa koki zote mbili. Na kama kwako maji yanasukumwa na pampu ya kujiwasha yenyewe, izime kwanza. Bomba likipasuka, pampu ya aina hiyo hudhani kuna mtu anaoga, ikaendelea kusukuma kwa bidii mpaka tenki likauke, halafu nayo iungue kwa kuzunguka bila maji.

Zitafute koki hizi mchana, ukiwa umetulia, na uwaonyeshe wote wanaobaki nyumbani: dada wa kazi, watoto wakubwa, babu. Zenye kishikio kirefu ni rahisi: kishikio kikilala sambamba na bomba, maji yako wazi, kikikingama, yamefungwa. Zile za gurudumu, ambazo mafundi huziita geti valvu, ndizo zenye hila. Zikikaa miaka bila kuguswa hushikwa na kutu, na katika nyumba zinazotumia maji ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo kwa wengi wa ukanda wa pwani, huganda mapema zaidi. Zizungushe angalau mara mbili kwa mwaka: funga, fungua, kisha uzirudishe nyuma kidogo badala ya kuzikaza mpaka mwisho wa kufungukia. Ikigoma, usiishikie spana kubwa. Shina la ndani likikatika kipande cha lango hubaki popote kinapotaka, na hapo tatizo lililokuwa la kesho linageuka la usiku huo.

Chini ya sinki, chini ya beseni na pembeni ya choo cha kukaa kuna koki ndogo, na kutoka hapo bomba jepesi la kujikunja linakwenda kwenye kifaa. Kibomba hicho, hasa cha bei ya chini, ni mpasukaji mashuhuri. Mara nyingi hupasuka maji ya mgao yanaporudi usiku kwa msukumo mkubwa. Funga koki ndogo ya hapo hapo, nyumba nzima inaendelea na maisha yake, na kibomba kipya utanunua asubuhi dukani. Mafuriko ya sebule nzima yamezuilika kwa kuzungusha vidole viwili. Nasikitika kusema kwamba nyumba nyingi hujengwa bila koki hizo ili kupunguza gharama. Ukifanya ukarabati wowote, zidai.

Bomba la chuma au la plastiki likitoboka na fundi hapatikani mpaka kesho, kipande cha tyubu ya baiskeli kilichoviringishwa kwa kukaza na kufungwa kwa waya kitakupitisha usiku. Ni matengenezo ya saa kadhaa. Ukikikuta kimebaki hapo mwaka mzima, ujue nyumba inaishi kwa bahati. Gundi ya mabomba nayo inataka bomba kavu na muda wa kushika. Kupaka gundi huku maji yanachuruzika na kufungua koki baada ya dakika mbili ni kuchezea hela.

Maji yakikutana na umeme

Hili nitalikazania, kwa sababu dharura kubwa kuliko zote katika mabomba ya nyumbani haivujishi hata tone. Unashika koki ya bafuni, mkono unahisi kama umechomwa na sindano. Au maji ya shawa yanawasha ngozi. Watu wengi huzoea. Wanasema "kuna ka-shoti kidogo," wanavaa kandambili za mpira, wanaendelea kuoga kwa miezi. Hicho si kitu cha kuzoea. Umeme umeshaingia kwenye bomba, pengine kwa sababu chuma cha kuchemshia maji ndani ya shawa ya moto kimetoboka, au waya umechubuka ukutani, na nyumba haina waya wa ethi unaofanya kazi. Leo ni mchomo mdogo. Kesho mtu ana jeraha mguuni au amesimama kwenye maji, na umeme ule ule unampitia wote.

Zima swichi ya shawa kwenye ubao wa umeme na kama hujui ni ipi, zima meni swichi. Mtu yeyote asioge mpaka fundi apite. Na fundi huyo ni wa umeme. Ukimwita fundi bomba atabadilisha koki, ambayo haina kosa lolote.

Maji yakidondoka darini karibu na taa, feni au soketi, utaratibu ni huo huo: umeme kwanza, maji baadaye. Ila kuna sharti. Kama sakafu imeshajaa maji na ubao wa umeme uko upande wa pili, usikanyage maji hayo kwenda kuuzima. Toka nje na watu wako, piga simu shirika la umeme. Sofa hununuliwa tena.

Umeme ukishazimwa, tazama dari. Dari ya jipsamu iliyovimba kama tumbo imebeba maji, na inaweza kuanguka kipande kizima. Sogeza vitu, weka ndoo kubwa chini yake, simama pembeni, utoboe tundu dogo kwa bisibisi yenye mpini mrefu ili maji yashuke kwa utaratibu. Unapoteza tundu la kuziba kwa jipsamu kidogo badala ya dari yote.

Hita ya tenki, ile ya kuning'inia ukutani, ina valvu ya usalama inayodondosha maji kidogo wakati inachemsha. Hiyo ni kazi yake, usiipigie fundi simu, na tafadhali usiizibe kwa kizibo eti inalowesha ukuta. Iliyozibwa ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa msukumo hauna pa kutokea. Ukisikia hita inanguruma, au koki inatoa mvuke mahali pa maji ya moto ya kawaida, zima umeme wake, ondoka chumbani, na usijaribu kufungua nati yoyote mpaka ipoe.

Choo kimeziba, au shimo limejaa?

Swali hili linaamua kama utampigia fundi au gari la kunyonya majitaka, na jibu lake unalipata bila gharama. Nenda kwenye matundu yote ya kutolea maji nyumbani. Kama choo kimoja tu kinasuasua na sinki, bafu na choo cha pili vinapitisha vizuri, kizuizi kiko karibu na choo hicho: kitambaa, taulo ya kike, pampasi, kichezeo cha mtoto. Kama kuna choo kingine, hilo linaweza kungoja siku. Kama ukimwaga maji ya kufulia yanachungulia kwenye tundu la sakafu la bafuni, au choo kinabwabwaja bila kuguswa, bomba kuu limeziba au shimo limejaa. Hilo halingoji.

La kwanza, kila mtu aache kutumia maji. Katika nyumba ya wapangaji hapa ndipo ugomvi unapozaliwa: wa ghorofa ya juu anafua kwa raha zake, na kila ndoo anayoimwaga inatokea kwa wa chini. Gonga milango yote. La pili, fungua mfuniko wa chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba hiyo. Ikiwa imejaa, fungua inayofuata, mpaka uipate kavu; kizuizi kiko kati ya hizo mbili, na umemwokolea fundi saa nzima ya kuchimba. Zikiwa zote zimejaa hadi shimoni, ita gari. Kama nyumba imeungwa kwenye bomba la majitaka la mtaa na chemba za majirani nazo zinafurika, tatizo ni la mamlaka. Toa taarifa, chukua namba ya taarifa yako.

Wakati wa masika kuna jambo linalowachanganya wengi. Gari linanyonya leo, baada ya siku chache shimo limejaa tena, na mwenye gari anaitwa mwizi. Mara nyingi hajaiba kitu. Ardhi imeshiba maji, yanaingia shimoni kupitia kuta zake kama yanavyoingia kwenye kisima. Nyonya kiasi cha kupunguza ili choo kipite, punguza matumizi, na subiri ardhi ikauke ndipo ufanye kazi kubwa. Kufungulia shimo limwagikie mtaroni mvua inaponyesha ni kosa kisheria, na ni njia ya wazi ya kumpelekea jirani kipindupindu.

Kuhusu dawa kali za kuzibulia: zina nafasi yake kwenye sinki yenye mafuta, lakini choo kilichozibwa na pampasi hazitakifanya kitu. Usichanganye dawa ya kusafishia choo yenye asidi na ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Hutoa gesi ya klorini, na bafu lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kuivuta. Ukishamwaga dawa yoyote, mwambie fundi kabla hajainama, maana ikimrukia usoni inaunguza.

Sasa mfuniko. Mfuniko wa shimo au chemba kubwa ukipasuka, ukiwa unacheza, au umefunikwa kwa bati na tairi, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama hakuna harufu na hakuna anayelalamika. Watoto huchezea pale pale. Weka kizuizi kizito pande zote kabla ya giza, na mfuniko mpya upatikane kesho bila kusubiri mshahara.

Mtu yeyote asiingie shimoni. Simu imedondoka, iache. Fundi mdogo anasema amezoea, mkatalie. Gesi ya humo, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza, ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Mtu anadhani hewa imesafika kumbe ndiyo imekuwa nzito. Anaanguka, mwenzake anaruka kumsaidia, anaanguka pia. Habari za watu wawili au watatu kufia kwenye shimo moja zinajirudia Afrika Mashariki kwa sababu hii. Wala usiwashe kiberiti kuchungulia ndani, kwani baadhi ya gesi hizo zinawaka.

Ufa mdogo wenye hatari kubwa

Bomba lililopita chini ya ardhi uani, lina ufa wa unywele, pamelowa kidogo tu, majani yamestawi vizuri. Katika mji wenye maji saa zote ungeweza kulichukulia kama suala la bili. Kwetu kwenye mgao hesabu ni nyingine. Maji yakiwapo, msukumo unayatoa nje kupitia ufa. Yakikatika, bomba linabaki tupu, na kama mahali fulani chini mtu amefungua koki, au pampu ya jirani inavuta, bomba hilo nalo linavuta. Linavuta nini? Kile kilicholizunguka. Kama ufa uko karibu na shimo la choo, au kwenye dimbwi la mtaroni, kinachoingia hakihitaji maelezo, na ndicho kitakachotangulia kuingia tenkini maji yatakaporudi.

Kwa hiyo uvujaji wowote wa bomba la kuingiza maji ulio karibu na choo, chemba au mtaro, nauweka kwenye kundi la dharura hata kama hautoi zaidi ya jasho. Kama uko kabla ya mita, ni wa mamlaka, usiuguse. Toa taarifa na usisitize kwamba uko karibu na majitaka. Baada ya mita ni wako. Wakati unangoja, maji ya kunywa yachemshwe yatokote kabisa, na yale ya mwanzo yanayokuja baada ya mgao yasielekezwe tenkini. Yachote kwenye ndoo za kupigia deki mpaka yawe meupe na hayana harufu.

Tenki la chini ya ardhi lina hatari ya aina hiyo hiyo. Mafuriko yakipita juu ya mfuniko wake, lichukulie kuwa limeharibika hata kama maji yanaonekana safi: litolewe maji, lisuguliwe, liwekewe dawa ya klorini, ndipo lijazwe upya.

Tani mbili juu ya kichwa

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tenki la lita 2,000 likijaa ni tani mbili. La lita 5,000 ni tani tano, na tumeyapandisha kwenye minara ya vyuma vya kuchomelea au, kwa nyumba za zamani, magogo. Halafu boya linakwama kidogo, tenki linachuruzika usiku kucha, maji yanateremka kwenye mguu mmoja wa mnara. Uvujaji wenyewe ni mdogo. Lakini chuma cha mguu huo kinaliwa na kutu, hasa karibu na bahari, udongo wa chini yake unalainika, na kama ni mbao mchwa wanakaribishwa.

Mnara ulioinama, maungio yaliyopasuka, zege ya chini iliyotengana na udongo: yoyote kati ya hayo ukiyaona, funga maji ya kuingia, fungulia ya kutoka mpaka tenki lipungue kabisa, na uondoe watoto, mifugo na gari pale chini. Fundi wa kuchomelea atakuja kesho. Kupunguza uzito ni leo.

Yanayoweza kungoja

Haya nitayapita haraka. Koki inayodondosha: washa imekwisha, shilingi chache tu, Jumamosi inatosha. Shawa yenye maji membamba: vitundu vimezibwa na chokaa, kifungue kichwa chake ukiloweke kwenye siki usiku kucha. Tanki la choo lisilojaa vizuri: tumia ndoo. Sinki inayopitisha maji polepole: fungua kikombe au kona ya bomba iliyo chini yake, utakuta mafuta na makoko ya ugali, weka ndoo kwanza. Harufu ya choo kutoka bafu la wageni lisilotumika: maji ya kwenye kona ya bomba la sakafuni yamekauka na hewa ya shimoni inapita; mwaga ndoo moja ya maji. Bomba linalogonga ukutani koki ikifungwa ghafla: linataka vishikizo, lakini si usiku huu.

Maji yametoka kidogo nyumba nzima? Ulizia kwa jirani kabla ya kubomoa chochote.

Kungoja kuna mpaka wake lakini. Koki inayojaza glasi ya mililita 250 kwa dakika moja inamwaga lita 360 kwa siku. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo inakwenda na uniti moja kabla siku tatu hazijatimia, na takriban kumi na moja kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya bili yako, utapata sababu ya kumtafuta fundi.

Uvujaji usioonekana

Kati ya dharura na kungoja kuna kundi linalostahili wiki moja: maji yanayopotea bila kuonekana. Dalili ni bili iliyopanda bila mgeni nyumbani, doa la unyevu ukutani linalokua hata kiangazi, sakafu yenye sehemu ya vuguvugu ambako bomba la maji ya moto linapita, au pampu inayojiwasha usiku wakati wote mmelala.

Kwa nyumba yenye tenki, jaribio la kawaida la mita halitoshi, yafanye mawili. Siku maji ya mtaani yanapotoka, subiri tenki lijae na boya lifunge, hakikisha hakuna anayetumia maji, kisha tazama mita. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo chenye rangi. Kikizunguka, hata kwa uvivu, kuna uvujaji kati ya mita na tenki, au boya halifungi. Usiku wa pili, funga koki ya mita, pima kina cha maji tenkini kwa ufito, na asubuhi na mapema kabla mtu hajaingia chooni, pima tena. Kama yameshuka, uvujaji uko upande wa nyumba.

Mshukiwa wa kwanza upande huo ni choo. Tia rangi ya chakula kwenye tanki lake, usiflashi kwa dakika ishirini. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini ya tanki umechoka, na huo ni wa bei ndogo. Kama choo ni kizima na maji bado yanashuka, bomba la ndani ya ukuta au chini ya sakafu linavuja. Hapo funga koki ya tenki kila usiku mpaka fundi apatikane, na ukiona veranda imeanza kutitia au ufa mpya umetokea kwenye msingi, hilo limehama kundi: lishughulikie siku hiyo hiyo.

Simu ya fundi

Ukiamua kupiga, sema mambo ambayo yatamfanya aje na vifaa sahihi: maji umeshayafunga au la, bomba ni la chuma au la plastiki, unene wake (nusu inchi na robo tatu ndizo za kawaida ndani ya nyumba), na tumia picha. Bei ya kuja usiku mkubaliane kabla hajapanda bodaboda. Namba ya fundi aliyeweka mabomba ya nyumba yako ni mali, maana yeye peke yake anajua yanapita wapi. Na kama unajenga sasa, piga picha kila ukuta kabla ya lipu.

Wewe mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kwa ujumbe wenye picha na tarehe hata kama umeshampigia. Mzozo wa nani alipe huanza pale ambapo hakuna aliyeandika kitu.

Vifaa vya kuwa navyo kabatini havigharimu sana: tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba, washa chache, spana malaya (jina ni la mafundi, si langu), kipande cha tyubu, na plagi mbili za nusu inchi. Plagi ndiyo ninayoisifia kuliko vyote. Koki ikivunjika ukutani, funga maji, ondoa kipande kilichobaki, kaza plagi yenye tepu, fungua tena. Nyumba ina maji na fundi anaweza kuja wakati wake.

Kabla ya kulala leo, nenda kwenye koki ya chini ya tenki lako uifunge, kisha uifungue. Ikigoma, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumpa fundi kesho, kabla ya koki ya jikoni inayodondosha.